Akiba ya Kampala, deni la mwenye kitalu

Ili miche ya msonobari iwe tayari kwa mvua za Septemba, mbegu lazima ziingie kitaluni Februari au, kwa kuchelewa sana, Machi. Bajeti ya serikali itakayolipia miche hiyo husomwa Juni. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, mgawo wa robo ya kwanza hufika kwenye akaunti za taasisi wiki kadhaa baadaye, kisha kuna zabuni, kuna kamati ya mikataba, kuna LPO, yaani hati ya agizo la ununuzi. Kwa hiyo mwenye kitalu wa Masindi au Kyenjojo hununua mbegu, hujaza viriba udongo na kulipa vibarua wa kumwagilia miezi kadhaa kabla ya mtu yeyote wa Kampala kumwahidi chochote kwa maandishi. Anafanya hivyo kwa sababu mwaka jana walinunua, na mwaka juzi walinunua. Dhamana nyingine hana.

Sasa ruzuku ikatwe Juni hiyo hiyo.

Mche wa msonobari una siku zake. Ukifikia urefu wa shubiri moja hivi, unataka kwenda shambani. Ukiachwa kwenye kiriba, mzizi mkuu hugonga chini, hugeuka, huanza kuzunguka. Kwa nje mche bado ni wa kijani, na mnunuzi asiyejua ataupenda kwa urefu wake. Pasua kiriba uone: mizizi imejisokota hata huwezi kuinyoosha bila kuikata. Mti wa namna hiyo ukipandwa husimama miaka michache, halafu upepo huulaza. Mwenye kitalu mwaminifu huitupa miche hiyo. Asiye mwaminifu huiuza kwa bei ya kutupa, na hasara inahamia kwa mkulima ambaye hata hajui kwamba kulikuwa na ruzuku iliyokatwa. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja huchukua miti 1,111. Ukiongeza ya kujazia mapengo, miche 100,000 inatosha hekta kama 80 tu. Hicho si kitalu cha tajiri. Ni cha mtu mwenye pampu moja, tangi la maji na vibarua wachache wanaomdai kila Jumamosi.

Mjadala wa kupunguza ruzuku, uwe bungeni, redioni au kwenye ofisi za wafadhili, hufanywa kana kwamba fedha ambazo hazikutolewa zimebaki salama mahali fulani. Hazikubaki. Kazi ilishafanyika, na gharama ilishalipwa na mtu mwingine ambaye hakuulizwa. Na katika misitu mtu huyo karibu kila mara ni mkandarasi: mwenye kitalu, mwenye genge la kupanda na kupalilia, mchimba mitaro ya kuzuia tembo, mfyekaji wa mipaka ya hifadhi. Sisemi kwamba ruzuku isikatwe kamwe. Ninachosema ni kwamba mti ni ahadi ya miaka ishirini, nasi tunaugharamia kwa ahadi ya miezi mitatu mitatu, na tofauti iliyopo kati ya ahadi hizo mbili tumemtwika mtu mwenye kifua chembamba kuliko wote.

Uganda inaijua ruzuku ya misitu vizuri, na sehemu kubwa ya ujuzi huo inaitwa SPGS. Mpango huu wa kuwaunga mkono wapandaji wa miti ya mbao ulianza 2004 kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Norway ikaongezea, na awamu ya tatu, iliyoanza 2016, ikasimamiwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Masharti yake yalikuwa makali kwa namna ninayoikubali. Ulipanda kwa fedha zako kwanza. Wakaguzi walikuja, wakahesabu miti iliyo hai, wakapima nafasi, wakaangalia palizi, ndipo ukarudishiwa takriban nusu ya gharama, tena kwa mafungu. Mpandaji binafsi alitakiwa kuanzia hekta 25. Mkaguzi akikuta nyasi zimeifunika miche, hakuna malipo, hata uwe nani.

Hapo ndipo ukandarasi wa misitu ulipogeuka kuwa kazi ya kueleweka nchini. Mhasibu wa Kampala aliyepewa leseni ya hekta 50 ndani ya hifadhi hakuwa na muda wa kwenda kupima mistari, wala hakujua dawa ya magugu inachanganywaje. Alihitaji mtu. SPGS ikawafundisha watu hao, ikavikagua vitalu na kuvithibitisha, ikaleta mbegu zilizoboreshwa kutoka Brazil na Australia. Vijana waliokuwa wanalima mihogo wakajifunza kupogoa, kupunguza miti, kushika msumeno wa injini bila kujikata mguu. Wilaya kama Nakasongola, Mubende, Kyankwanzi na Masindi zikapata magenge ya kudumu, yenye nyapara, mpishi na lori la kukodi. Katika mengi ya magenge hayo, Mualuri, Mlugbara, Mnyoro na Mkongomani hawana lugha nyingine ya pamoja isipokuwa Kiswahili, na sehemu kubwa ya ufundi huo imefundishwa kwa Kiswahili hicho hicho cha kambini, ambacho hakuna aliyekiandika popote.

Lakini ruzuku ya awamu ina ugonjwa wa awamu. Ya pili ilikwisha, ya tatu ikachelewa, na katikati pakawa na pengo. Kwenye taarifa ya mradi pengo ni mstari mtupu kati ya tarehe mbili. Kwa mwenye genge ni misimu ya mvua ambayo mpandaji anasema “ngoja tuone kama watarudi”, na kwa kuwa kila mpandaji anangoja, hakuna anayepanda. Hili watu wengi wa nje hawalioni: ruzuku inayotarajiwa lakini haijafika ni mbaya kuliko ruzuku isiyokuwepo kabisa. Ingekuwa haipo, mwenye shamba angepanda kidogo kwa uwezo wake. Ikitarajiwa, anakunja mikono. Na aliyenunua mbegu hana namna ya kukunja mikono.

Halafu ukaja mwaka 2025. Januari 20 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90. Machi ikatangazwa kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, imefutwa, na Julai 1 shirika lenyewe likaacha kazi zake, yaliyosalia yakahamia Wizara ya Mambo ya Nje. Februari, Uingereza nayo ilikuwa imetangaza kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Kwa Uganda, ambako fedha za uhifadhi zimekuwa zikitoka kwa wageni kwa sehemu kubwa kuliko tunavyopenda kukiri, mshtuko ulikuwa mkubwa.

Jambo moja la mwaka huo halikuzungumzwa sana kwetu, nalo ndilo lenye funzo kwa mkandarasi. Amri ya Marekani haikugusa kazi za baadaye pekee. Ilizuia pia malipo ya kazi ambazo zilikuwa zimekwisha kufanyika, ankara zikiwa mezani. Suala hilo likafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo Machi 5, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikataa kuzuia agizo la jaji la kulipa karibu dola bilioni 2 za kazi iliyomalizika. Kura moja tu! Ikiwa mashirika makubwa ya Washington, yenye mawakili wa kila aina, yalilazimika kwenda hadi huko kudai jasho lililokwisha kutoka, basi mkandarasi mdogo wa tatu au wa nne kwenye mnyororo, aliyepanda miti kando ya makazi ya wakimbizi kwa mkataba wa kurasa mbili na shirika la wilayani, ana mlango gani wa kubisha?

Nimeyataja makazi ya wakimbizi kwa makusudi. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, na mahali kama Bidibidi, Kyangwali na Nakivale kuni ni suala la kila siku. Kwa miaka mingi fedha za misaada zililipia vitalu, mashamba ya miti ya kuni na majiko banifu kuzunguka maeneo hayo, na wakandarasi wengi wa West Nile walijengwa na kazi hizo. Mei 2025 Shirika la Chakula Duniani lilisitisha mgawo kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini. Weka mambo hayo mawili pamoja. Anayepanda miti amekosa malipo mwaka ule ule ambao aliyekosa mgawo anatafuta kitu cha kuuza, na kitu kilicho karibu ni mkaa. Mwaka 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kuzuia biashara ya mkaa kaskazini. Amri ni amri, lakini tumbo nalo lina amri zake.

Ni rahisi sana kuwalaumu wageni, na wasomaji wengi wangependa niishie hapo. Ila mkandarasi wa Uganda ameumizwa na hazina yake mwenyewe kwa muda mrefu kuliko alivyoumizwa na Washington. Madeni ya ndani ya serikali, yaani fedha ambazo wizara na taasisi zinadaiwa na wazabuni wanaosubiri, yanahesabiwa kwa matrilioni ya shilingi, na kila mwaka Mkaguzi Mkuu anayaandika. Katika foleni hiyo mpanda miti hukaa nyuma. Barabara ikiachwa nusu, wabunge wanapiga kelele kwa sababu wanapita juu yake. Shamba la miti likiachwa bila palizi huko Rwoho au Lendu, nani atalipita?

Chukua mkataba wa shilingi milioni 100, kwa mfano tu. Mkandarasi amefyeka, amepanda, amepalilia mara mbili. Benki za biashara hukopesha kwa karibu asilimia 18 hadi 20 kwa mwaka. Malipo yakichelewa miezi tisa, riba ya mkopo wa fedha hizo inakaribia milioni 15. Yakija, taasisi inakata asilimia 6 ya kodi ya zuio hapo hapo. Mkandarasi aliyejipangia faida ya asilimia 10 au 15, ambayo kwenye kazi hizi ni ya mtu mwenye akili timamu, ameifanyia serikali kazi bure na amelipa nauli yake mwenyewe. Na huyo ni yule mwenye hati ya ardhi ya kuweka benki. Asiye nayo huenda kwa wakopeshaji wa mjini, ambao riba yao huhesabiwa kwa mwezi.

Zaidi ya hapo kuna sheria yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inataka idhini ya Bunge kwa mikataba inayoifunga serikali zaidi ya mwaka mmoja wa fedha, na fedha ambazo hazikutumika hadi Juni 30 hurudi kwenye Mfuko Mkuu. Nia ni njema. Nchi hii imeona ufisadi wa kutosha. Lakini kwenye msitu matokeo yake ni ya ajabu. Msonobari wa mbao unahitaji miaka 18 hadi 20. Mkataba wa kuutunza unaandikwa upya kila mwaka, kana kwamba mti umezaliwa Julai. Na kwa kuwa fedha zikibaki zinarudi, Mei na Juni huwa miezi ya simu za haraka: pandeni, pandeni, tuna salio! Katika maeneo ya misimu miwili ya mvua, ndiyo kwanza mvua zinaisha. Miche inapandwa ili vocha ikamilike, kiangazi kidogo kinaikuta haijashika mizizi, na Septemba mkaguzi anaandika kwamba mkandarasi hakufanya kazi nzuri.

Juu ya yote hayo, Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA, ambayo kwenye ramani ina dhamana ya hifadhi kuu 506 zenye zaidi ya hekta milioni 1.2, imeishi miaka kadhaa ikitajwa kwenye orodha ya taasisi za kurudishwa wizarani ili kupunguza matumizi. Inawezekana kuna hoja ya kuunganisha. Mimi naona shida nyingine. Ofisa asiyejua kama ofisi yake ya Bugolobi itakuwepo mwakani hasaini kitu cha miaka mitatu. Anasaini vibarua vya mwezi mmoja. Na mkandarasi wa mwezi mmoja hanunui trekta wala hafundishi mtu kazi.

Basi fedha zikipungua, nini hukatwa kwanza? Hapa ndipo ninapogombana na wakubwa wa Luzira, yaani wa Wizara ya Maji na Mazingira, na pia na wafadhili, maana katika hili wanafanana. Upandaji haukatwi kwanza. Upandaji una picha. Mgeni rasmi anakuja, kuna kofia na fulana, kuna jembe jipya, kuna idadi ya kutangaza. ROOTS, kampeni ya kitaifa ya kupanda miti, ilikuja na lengo la miti milioni 40 kwa mwaka, takriban mti mmoja kwa kila Mganda. Kinachokatwa ni palizi, ni barabara za moto, ni kuzibua mitaro, ni kuweka alama za mipaka. Waswahili walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na sijui methali nyingine inayoieleza sekta hii vizuri zaidi.

Palizi ya msonobari katika mwaka wa kwanza hufanywa mara tatu au nne, kutegemea mvua. Nyasi za savana ya Nakasongola hazina huruma: wiki sita bila jembe na huoni tena mche ulipo, unatafuta kwa kigingi. Kuruka palizi mbili si kuokoa nusu ya gharama ya palizi. Ni kupoteza gharama yote ya kufyeka, ya mashimo, ya miche na ya kupanda, kwa sababu mche uliozidiwa na nyasi haungoji mwaka ujao wa fedha. Barabara za moto ni vivyo hivyo. Kipande cha mita 10 hivi kuzunguka kila bloku kinatakiwa kiwe kimesafishwa kufikia Novemba, kabla upepo wa Desemba haujaanza. Mgawo wa robo ya pili ukipunguzwa, kazi hiyo husogezwa Januari. Moto hausogezwi. Mwindaji mmoja wa panya buga, au mfugaji anayetaka majani mapya, anatosha kuunguza miti ya miaka sita ambayo serikali na wafadhili walishailipia na kuitangaza.

Upande wa wanyamapori hali haina tofauti. Kuzunguka hifadhi za Kibale na Queen Elizabeth kuna mitaro ya kuzuia tembo, iliyochimbwa kwa mikono na vijana wa vijiji vya jirani, yenye kina cha karibu mita mbili. Mtaro mpya hufanya kazi. Mvua mbili tatu zikipita, kingo zinaporomoka, matope yanajaa, na tembo, ambaye ni mhandisi kuliko sisi, hupata mahali pa kuvukia. Ndani ya Queen Elizabeth vibarua hung'oa mimea vamizi iliyofunika malisho. Waking'oa msimu mmoja na kuacha mwingine, mimea hurudi ikiwa imechacha zaidi. Kila moja ya kazi hizi ni ya matunzo, na matunzo hayana sherehe ya ufunguzi. Fedha zake ni ndogo machoni pa hazina, lakini maji ya kifuu ni bahari ya chungu: kwa genge la watu kumi na watano wa Kasese, hiyo ndiyo ada ya shule ya muhula.

Genge likivunjika, haliungwi tena kwa simu moja. Mwenye kujua msumeno wa injini katika Bunyoro ana wateja wengine. Tangu kazi za mafuta zianze Hoima na Buliisa, na bomba la kilomita 1,443 kuelekea Tanga, kampuni za ujenzi zimekuwa zikichukua watu wenye mikono iliyozoea mashine, na zinalipa kwa mwezi. Sina ugomvi na hilo. Mtu aende anakolipwa. Wanaobaki bila kazi huko kijijini, wakiwa na ujuzi ule ule na msumeno ule ule, ni wachache wanaokataa mtu wa mkaa anapokuja na fedha taslimu. Tumemfundisha mtu kwa fedha za uhifadhi jinsi ya kuangusha mti mahali anapotaka uanguke, kisha tumemwacha na deni.

Upungufu mwingine hauonekani hadi zabuni ijayo. Wakandarasi makini hupandisha bei ili kufidia hatari ya kutolipwa, au hawaombi kabisa. Nafasi zao huchukuliwa na kampuni za mfukoni, zenye muhuri na barua pepe, ambazo hukodi vibarua wa jana na kutoweka kabla ya palizi ya pili. Mwaka unaofuata taarifa husema miti mingi haikuishi, mtu fulani anatoa hoja kwamba fedha za misitu zinapotea bure, na ruzuku inakatwa tena. Nimeona hoja hiyo ikitolewa kwa uso mkavu kabisa.

Wapo wanaosema ruzuku hizi zilikuwa za wenye nacho, kwamba mwenye uwezo wa kupanda hekta 25 kwa fedha zake na kusubiri mkaguzi hakuhitaji kusaidiwa. Wana hoja. Sehemu kubwa ya waliopanda ndani ya hifadhi walikuwa watu wa mjini wenye kujuana na ofisi, huku wanakijiji wa pembeni wakiambulia kibarua, na wengine wakiambulia kufukuzwa. Vikundi vya jamii vilipewa miche, si fedha. Kama ruzuku ingerudi kesho kwa sura ile ile, nisingeishangilia. Tena miti iliyopandwa tangu 2004 sasa imefikia au inakaribia umri wa kuvunwa, kwa hiyo kuna kazi ya kuvuna, ya kupasua mbao, ya kusafirisha, ambayo mteja wake ni soko. Mkandarasi mwenye macho anapaswa kuwa ameshaanza kuhamia huko, na chama cha wapanda miti, UTGA, kilichopo tangu 2007, kingefanya vizuri kuwaleta wavunaji na wenye vitalu meza moja, ili sehemu ya fedha ya mti unaoangushwa ilipie mche unaofuata bila kupitia hazina.

Lakini soko linanunua mbao za msonobari na nguzo za mkaratusi. Halinunui mpaka wa msitu wa Bugoma uliowekewa alama. Halinunui mtaro wa tembo wala miti ya musizi na mivule inayoota upya katika msitu wa Budongo. Utalii nao husaidia hadi pale unapokwama: asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi hurudi kwa jamii za jirani, na kila kibali cha gorila kina tozo yake kwa wanakijiji, ila mwaka 2020 wageni hawakuja, na fedha zile zikakauka zote kwa pamoja. Fedha zinazotegemea ndege kutua Entebbe haziwezi kuwa bima dhidi ya fedha zinazotegemea uchaguzi wa Marekani.

Kuna mfano wa nyumbani ambao unastahili kuangaliwa upya. Mwaka 1994 ulianzishwa mfuko wa dhamana kwa ajili ya Bwindi na Mgahinga, hifadhi za gorila, kwa mtaji wa takriban dola milioni 4 uliotolewa na GEF, mfuko wa kimataifa wa mazingira, kupitia Benki ya Dunia. Mtaji huwekezwa, kinachotumika ni faida. Si fedha nyingi, na haujafanya miujiza; Wabatwa waliotolewa msituni bado wana madai halali kabisa. Ila umekuwepo miaka thelathini, ukilipa kazi ndogo ndogo mwaka hadi mwaka, wakati miradi yenye majina marefu na bajeti mara kumi yake imekuja na kuondoka. Linganisha na mradi wa misitu na hifadhi wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2020, wa dola milioni 148.2: ni mkubwa, una kazi nzuri, lakini una tarehe ya kufa. Na kati ya Agosti 2023 na Juni 2025 benki hiyo haikutoa fedha mpya kwa serikali ya Uganda kwa sababu ya sheria dhidi ya mashoga, kwa hiyo yeyote aliyekuwa anangoja mradi wa kurithi ule alingoja kitu ambacho hakina uhusiano wowote na miti.

Wala hatukosi sheria. Ile ya misitu na upandaji miti ya 2003 iliunda Mfuko wa Miti kwa kazi hii hii, na kwa miaka mingi mfuko huo umekuwa maneno kwenye kifungu. Ukifufuliwa hata kwa fedha kidogo, naomba kwanza usitumike kwa upandaji mpya. Ulipie matunzo ya miti ambayo tayari ipo ardhini, kwa mikataba ya miaka mitatu ambayo Bunge limeipa idhini mara moja, na malipo yafuate hesabu ya miti iliyo hai, jinsi SPGS ilivyofanya. Mkandarasi aliyefeli asilipwe, sina huruma naye. Aliyefaulu alipwe ndani ya siku zilizoandikwa, na zikipita, riba iwe ya serikali.

Kama lazima kukata, na kuna miaka ambayo ni lazima, kukatwe hekta ambazo hazijapandwa, na uamuzi utangazwe Januari, kabla mbegu hazijanunuliwa. Palizi, barabara za moto, mitaro na mipaka viwe na mstari wao kwenye bajeti, kwa majina hayo hayo, ili waziri anayetaka kuvifuta avisome kwa sauti bungeni.